Uaminifu wa Neno na Uaminifu wa Maana: Historia ya Kuihukumu Riwaya ya Dune katika Filamu, 1965–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kuhawilisha riwaya ya Frank Herbert, Dune (1965), kuwa filamu, kwa nia ya kujibu swali moja: filamu iliyotokana na riwaya inayopendwa ihukumiwe kwa kipimo gani? Kipimo kilichozoeleka ni kuhesabu matukio na wahusika waliobaki au walioachwa. Makala yanadai kwamba kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu filamu ya mwaka 1984 iliyahifadhi mengi ya maneno ya riwaya lakini ikaipindua hoja yake, ilhali filamu za mwaka 2021 na 2024 zilibadilisha mengi lakini zikairejesha hoja hiyo. Aidha, makala yanachunguza kuondolewa kwa neno jihadi katika filamu hizo za karibuni na kuonyesha kwamba msomaji wa Kiswahili, ambaye msamiati mwingi wa riwaya hii ni jamaa wa lugha yake, ana nafasi ya pekee ya kulipima badiliko hilo.

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu filamu zinazotokana na riwaya umepita katika vipindi viwili vikubwa. Katika kipindi cha kwanza, swali kuu lilikuwa la uaminifu: je, filamu imekifuata kitabu? George Bluestone, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu riwaya na filamu, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuonyesha kwamba sanaa hizi mbili hutumia nyenzo tofauti, na kwamba kuitaka moja iwe nakala ya nyingine ni kuitaka iache kuwa yenyewe. Katika kipindi cha pili, wataalamu kama Robert Stam na Linda Hutcheon waliikosoa lugha ya lawama iliyotawala uhakiki wa awali, lugha ya usaliti na unajisi, wakapendekeza uhawilishaji utazamwe kama fasiri: kazi mpya inayoisoma kazi ya zamani.

Mtazamo huo wa pili ni wa haki zaidi, lakini una hatari yake. Ikiwa kila filamu ni fasiri, na kila fasiri ni halali, basi mhakiki hana tena la kusema zaidi ya kuorodhesha tofauti. Hukumu hupotea. Hata hivyo, wasomaji hawaachi kuhukumu, na ni wajibu wa uhakiki kuwapa kipimo kilicho bora kuliko hasira ya mpenzi wa kitabu.

Katika taaluma ya Kiswahili tunao mfano wa karibu unaosaidia kukifikiria kipimo hicho. Mwalimu Julius Nyerere alipoipa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1969 jina la Mabepari wa Venisi, hakukosa neno la kumtaja mfanyabiashara. Alichagua neno lenye uzito wa kisiasa, na kwa chaguo hilo akatangaza namna alivyotaka tamthilia isomwe. Jina hilo halipimwi kwa kuuliza tu kama ni sawa na jina la asili. Hupimwa pia kwa kuuliza limefungua nini katika matini na limefunga nini. Swali hilohilo ndilo tunalolielekeza kwa filamu za Dune.

2. Riwaya na msamiati wake

Herbert alianza na mchanga halisi. Mwaka 1957 alikwenda Florence, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, akikusudia kuandika makala kuhusu juhudi za serikali za kuzuia vilima vya mchanga visihame kwa kuvipanda nyasi. Makala hayo hayakukamilika, lakini utafiti ulizaa riwaya. Ilitoka kwanza kwa mfululizo katika jarida la Analog kati ya mwaka 1963 na 1965, kisha ikachapishwa kama kitabu mwaka 1965 na kampuni ya Chilton, iliyojulikana zaidi kwa miongozo ya kutengeneza magari. Mwaka uliofuata ilishiriki Tuzo ya Hugo na riwaya ya Roger Zelazny, na ikawa riwaya ya kwanza kutwaa Tuzo ya Nebula.

Kisa chake kinaweza kufupishwa hivi. Paul Atreides, mwana wa mtawala, anahamia na familia yake katika sayari ya jangwa iitwayo Arrakis, mahali pekee panapopatikana melange, kiungo ambacho bila hicho hakuna safari za angani. Baba yake anauawa kwa hila, naye anakimbilia kwa Wafremen, wenyeji wa jangwa. Hawa wanamwona kuwa ndiye mkombozi aliyetabiriwa. Mwishoni anauangusha utawala wa mfalme mkuu na kukalia kiti chake.

Kwa juu juu hii ni hadithi ya shujaa wa kawaida. Lakini Herbert aliweka ndani yake sumu ya kuiua hadithi hiyo. Utabiri unaomtukuza Paul ulipandwa karne nyingi kabla na udugu wa wanawake wa Bene Gesserit, ambao huzisambaza imani za namna hiyo katika sayari za mbali ili ziwafae siku ya shida. Paul na mama yake wanalijua hilo na wanalitumia. Tena Paul anaona katika njozi zake kwamba ushindi wake utazaa mauaji katika ulimwengu mzima kwa jina lake, na hawezi kuyazuia. Hoja ya riwaya, basi, ni onyo dhidi ya kiongozi anayeabudiwa. Wasomaji wengi hawakulisikia onyo hilo, na katika Dune Messiah (1969) Herbert akalisema kwa sauti isiyoweza kukosewa.

Onyo hili limebebwa na msamiati. Mwishoni mwa kitabu kuna sherehe ndefu ya istilahi, na msomaji wa Kiswahili anayeifungua hukutana na jamaa zake. Humo mna baraka na karama; mna ilm, ambayo kwetu ni elimu; mna adab, ambayo kwetu ni adabu. Mnyoo mkubwa wa mchangani huitwa pia Shaitan. Wafremen husema bi-la kaifa kuhitimisha dua, na sehemu ya kwanza ya usemi huo ni kihusishi tunachokitumia kila siku. Jina analojitwalia Paul, Muad'Dib, katika riwaya ni la panya mdogo wa jangwani, lakini kwa Kiarabu neno hilo humtaja mwalimu, mtu anayeadibu, na shina lake ndilo lililotupa adabu. Jina la utabiri, Lisan al-Gaib, lina lisani na ghaibu, maneno mawili ambayo wasomaji wa ushairi wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa. Katika utamaduni wa Kiajemi, hilo ni lakabu ya mshairi Hafidh.

Kwa msomaji wa Marekani wa mwaka 1965, maneno haya yalileta harufu ya umbali. Kwa msomaji wa Kiswahili hayana umbali huo. Ni maneno ya madrasa, ya utenzi na ya barazani. Tofauti hii ya usomaji ina matokeo ya kihakiki. Msomaji asiyelijua neno Mahdi huliona kama jina la kubuni. Anayelijua hukumbuka kwamba Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi nchini Sudan mwaka 1881, akaiteka Khartoum mwaka 1885, na kwamba dola iliyotokana na mwito wake ilidumu hadi mwaka 1898. Kwake, swali la mkombozi anayeongoza jeshi ni swali la historia, wala si la njozi pekee.

3. Muujiza wa mvua: kutoka Jodorowsky hadi Lynch

Majaribio ya kwanza ya kuifanya Dune kuwa filamu hayakufika popote. Mtayarishaji Arthur P. Jacobs aliyekuwa na haki za filamu alifariki mwaka 1973. Baada yake Alejandro Jodorowsky aliandaa mradi mkubwa uliowahusisha wachoraji Moebius na H. R. Giger, na uliokusudia kuwashirikisha Salvador Dalí na Orson Welles. Fedha hazikupatikana, na filamu haikupigwa. Mradi huo, uliosimuliwa katika filamu ya hali halisi ya mwaka 2013, una jambo moja linalotuhusu: katika wazo la Jodorowsky, Paul anauawa mwishoni na jangwa linageuka kuwa la kijani. Tamaa ya kuimaliza hadithi hii kwa muujiza ilianza mapema.

David Lynch aliitimiza tamaa hiyo. Filamu yake ya mwaka 1984, iliyotayarishwa chini ya Dino De Laurentiis na kupigwa nchini Mexico, ina urefu wa dakika 137, muda mfupi kwa kitabu kinene kama hiki. Lynch alijitahidi kukihifadhi kitabu kwa njia ya maneno. Binti mfalme Irulan, ambaye katika riwaya maandishi yake hutangulia kila sura, anaonekana mwanzoni akiieleza hadhira historia ya dola. Mawazo ya ndani ya wahusika, ambayo Herbert huyaandika sambamba na mazungumzo, yanasikika kwa minong'ono juu ya picha. Anayepima kwa kuhesabu atasema hii ni filamu aminifu.

Lakini mabadiliko mawili yanaipindua. La kwanza ni silaha za sauti. Katika riwaya, Paul anawafundisha Wafremen mbinu za mwili na akili. Katika filamu anawapa vifaa vinavyogeuza sauti kuwa nguvu ya kubomoa, na jina lenyewe la Muad'Dib likitamkwa linaua. Wazo hili lina ukali wake: neno linakuwa silaha kwa maana halisi kabisa. Hata hivyo, linakifanya kuwa suala la ufundi kile ambacho Herbert alikifanya kuwa suala la imani. Katika riwaya jina la kiongozi huua kwa sababu watu wameliamini, na hilo ndilo linalotisha.

Badiliko la pili ni mvua. Filamu inaisha kwa Paul kuinyeshea Arrakis mvua, na dada yake Alia akimtangaza kuwa ndiye aliyengojewa. Kwa mujibu wa mantiki ya riwaya, mvua hiyo ni maangamizi. Maji ni sumu kwa minyoo ya mchangani, na melange hutokana na uhai wa minyoo hao. Mwanaikolojia wa riwaya, Pardot Kynes, alikadiria kwamba kuibadilisha sayari kungechukua kati ya miaka 300 na 500 ya kazi ya mikono, ya upandaji na subira. Mvua ya ghafla inafuta ikolojia hiyo, na pamoja nayo inafuta onyo. Shujaa anayeweza kunyesha mvua si mtu aliyetumia utabiri wa uongo. Ni mungu kweli, na waliomwamini walikuwa sahihi. Herbert mwenyewe, ingawa aliipokea filamu kwa ukunjufu kwa jumla, alilalamika juu ya jambo hilohilo: Paul wake alikuwa mtu aliyejifanya mungu.

Kwa hiyo, filamu ya mwaka 1984 inatupa funzo la kwanza. Inawezekana kuyatamka maneno ya kitabu na kusema kinyume chake.

4. Nani anasimulia? Filamu za mwaka 2021 na 2024

Tamthilia ya televisheni ya mwaka 2000, iliyoongozwa na John Harrison kwa sehemu tatu, ilikuwa na nafasi ya kutosha kukifuata kisa, na ilimpanua Irulan kuwa mhusika kamili. Thamani yake katika historia hii ni kuonyesha kwamba kasoro ya mwaka 1984 haikuwa ya urefu pekee. Hata hivyo, ilipigwa ndani ya studio mbele ya mandhari za kuchorwa, na jangwa, ambalo katika riwaya ni mhusika, halikuwa na uzito wake.

Denis Villeneuve alilirudisha jangwa. Filamu zake mbili zilipigwa kwa sehemu katika bonde la Wadi Rum nchini Jordan na katika mchanga wa Abu Dhabi, na ile ya kwanza ilipata Tuzo sita za Oscar mwaka 2022. Lakini ubora wa picha si hoja ya makala haya. Hoja ni usimulizi.

Filamu ya mwaka 2021 haifunguliwi na Irulan. Inafunguliwa na sauti ya Chani, msichana wa Kifremen, akieleza namna watu wake walivyoporwa na kuuliza ni nani watakaofuata kuwadhulumu. Mara baada ya swali hilo tunaonyeshwa Paul. Kwa mpangilio huo tu, kabla shujaa hajasema neno, hadhira imeshawekewa shaka juu yake. Lynch alimpa usimulizi binti wa dola. Villeneuve alianza na mtawaliwa. Katika istilahi za naratolojia, nafasi ya mtazamo imehama, na pamoja nayo umehama mzigo wa kuthibitisha.

Filamu ya mwaka 2024 inakwenda mbali zaidi. Wafremen wamegawanyika: wa kusini wanaamini utabiri, ilhali vijana wengi wa kaskazini wanaudharau. Chani, ambaye katika riwaya ni mwenzi mtiifu wa Paul, anakuwa mkosoaji wake mkuu. Muda wa miaka umefupishwa kuwa miezi, hivyo Alia hazaliwi, na Paul ndiye anayemuua Baron Harkonnen badala ya mtoto huyo. Mwishoni Paul anatwaa kiti, koo kubwa zinakataa kumtambua, wafuasi wake wanapanda vyombo kwenda vitani, na Chani anaondoka peke yake kumwita mnyoo.

Kwa kipimo cha kuhesabu, haya ni makosa makubwa. Kwa kipimo cha maana, ni jibu la tatizo la kihistoria. Mwaka 1965 onyo la Herbert lilikuwa ndani ya mawazo ya Paul mwenyewe, mahali ambapo kamera haifiki bila minong'ono. Villeneuve alilitoa humo akalitia kinywani mwa mhusika mwingine, naye akaweza kulitamka mbele ya watu. Kitendo hicho kimempunguzia Paul ugumu wake wa ndani, na hiyo ni hasara ya kweli: Paul wa riwaya ni mtu anayejiogopa, na hofu hiyo inamfanya awe mhanga na mkosaji kwa pamoja. Lakini onyo lenyewe limesikika, na hakuna mtazamaji anayeondoka akidhani mvua imenyesha.

5. Neno lililoondolewa

Linabaki suala ambalo, kwa maoni yetu, ndilo gumu kuliko yote. Neno jihadi ni miongoni mwa maneno mazito ya riwaya. Ndilo jina la kile ambacho Paul anakiona na kukiogopa. Katika filamu za Villeneuve halimo. Nafasi yake imechukuliwa na usemi wa vita vitakatifu. Tangazo la filamu lililotolewa mwaka 2020 lilikwenda upande mwingine kabisa na kutumia neno la vita vya msalaba.

Sababu ya uamuzi huo inaeleweka. Baada ya mwaka 2001, maana ya jihadi katika masikio ya hadhira nyingi za Magharibi imebanwa hadi ikawa jina jingine la ugaidi. Wafremen wa filamu tayari wanavaa, wanaswali na kuzungumza kwa namna inayowakumbusha watazamaji watu wa jangwa la Kiarabu. Kuongeza neno hilo juu ya sura hiyo kungeweza kuthibitisha chuki ambayo filamu haikuikusudia. Anayemlaumu mwongozaji bila kuipima hatari hii anamwonea.

Hata hivyo, hasara inapaswa kutajwa. Kwanza, riwaya ilitoka miaka mitatu baada ya uhuru wa Algeria, wakati ambapo msamiati wa mapambano wa Kiarabu ulisikika pia kama msamiati wa ukombozi. Mwito wa Wafremen wa kuwatakia wapiganaji maisha marefu umejengwa juu ya neno shuhada, yaani mashahidi. Pili, na hili huwa halisisitizwi vya kutosha, jihadi katika riwaya si mali ya Wafremen. Maelfu ya miaka kabla ya kisa kuanza, binadamu wote walipigana vita dhidi ya mashine zinazofikiri, na vita hivyo vinaitwa kwa neno hilohilo. Historia nzima ya dola, pamoja na koo zake za kifahari, imesimama juu ya jihadi ya kale. Herbert aliligawa neno kwa wanadamu wote. Kwa kuliondoa, filamu imekata uzi unaounganisha vita vya kale na vita vijavyo, uzi ambao ungeonyesha kwamba hatari haiko katika dini ya watu fulani.

Tatu, kuondolewa huko si kwa jumla. Mahdi amebaki. Lisan al-Gaib amebaki, tena anatamkwa mara nyingi. Majuba, vilemba na mchanga vimebaki. Kwa ajili ya Wafremen mwanaisimu David J. Peterson amebuni lugha kamili ya Chakobsa, yenye sarufi yake. Kilichoondolewa ni neno linalotaja matokeo. Yaani filamu imehifadhi msamiati wa kungoja mkombozi na kuacha msamiati wa gharama yake. Hapa filamu aminifu kwa maana inakosa uaminifu kwa neno, na katika riwaya ambayo hoja yake nzima inahusu maneno ya imani yanayopandwa na kuvunwa na wenye nguvu, kosa hilo si la pembeni.

Isimu ya Kiswahili inaweza kuongeza jambo hapa. Shina la Kiarabu lililozaa jihadi limetupa pia juhudi na jitihada. Mwanafunzi anayehimizwa afanye juhudi, na mkulima anayesifiwa kwa jitihada zake, wote wamo katika familia moja ya maneno. Mzungumzaji wa kawaida huenda asiutambue udugu huo, lakini lugha imeutunza. Kwa hiyo, mabano yaliyolifunga neno hili katika lugha nyingine hayajalifunga kwa namna ileile katika Kiswahili, ingawa matumizi ya vyombo vya habari yanalisukuma huko.

6. Hitimisho

Historia hii ya takriban miaka 60 inaonyesha kwamba uaminifu si kitu kimoja. Filamu ya mwaka 1984 ilishika maneno na kuachia maana. Zile za mwaka 2021 na 2024 zilishika maana na kuachia neno moja ambalo lilikuwa sehemu ya maana hiyo. Mhakiki anayetaka kuhukumu kwa haki aanze na swali ambalo riwaya inaliuliza, kisha atafute ni nani katika filamu aliyepewa kuliuliza, na ni maneno gani yaliyobaki ya kuliulizia. Kwa kipimo hicho, filamu za Villeneuve ndizo uhawilishaji bora wa Dune hadi sasa, na pengo lao kubwa haliko katika matukio yaliyokatwa bali katika msamiati.

Suala hili halitabaki nje ya lugha yetu. Nchini Tanzania na Kenya, filamu za kigeni hufasiriwa kwa sauti ya Kiswahili na wasimulizi wanaopendwa na hadhira zao, na kila msimulizi hulazimika kuchagua neno papo hapo. Atakayeifasiri Dune atakutana na vita vitakatifu vya filamu, naye atakuwa mbele ya lugha ambayo kamusi zake huifafanua jihadi kuwa vita vya dini. Anaweza kuufuata usemi wa filamu. Anaweza pia, bila hata kukisoma kitabu, kulirudisha neno la Herbert mahali pake. Iwapo atafanya hivyo, tafsiri itakuwa imekaribia riwaya kuliko filamu inayotafsiriwa, na wanaisimu watakuwa na kisa cha kuchunguza.